Nyonga Ikivunjika Uzeeni: Opereshini Ipi, na Kwa Nini Haifai Kungoja

Uwe uko jikoni unapika chai, uwe ndani ya matatu, au umeketi dukani ukingoja wateja, nakuomba unitegee sikio kwa dakika chache. Leo tunazungumzia jambo ambalo hutokea kwa sekunde moja tu, lakini likishatokea nyumba nzima husimama: mzee kuanguka na kuvunjika nyonga.

Hebu fikiria hali hii. Ni msimu wa mvua, mwezi wa Aprili, hapa mtaani Majengo. Alfajiri nyanya anaamka kwenda msalani. Choo kiko uani, taa hakuna, na njia imejaa tope. Anateleza na kuangukia ubavu. Akijaribu kuinuka, hawezi. Watoto na wajukuu wanakuja mbio, wanambeba, wanamlaza kitandani. Mmoja anasema ni mshipa tu umeshtuka, akandwe na maji ya moto. Mwingine anasema aitwe mwunga mifupa. Wa tatu anasema tumngoje kaka mkubwa, anakuja kutoka Nairobi siku ya Jumamosi. Na hakosekani yule atakayesema kwa sauti ya chini, "Shosho amekula chumvi nyingi. Tumwache apumzike, asije akafia mikononi mwa madaktari."

Kila mmoja wao anasema kwa mapenzi. Lakini nataka nikwambie jambo moja, na hata ukisahau mengine yote ya leo, hili usilisahau. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hauawi na mfupa. Anauawa na kitanda. Na opereshini tutakazozitaja leo, zote kwa jumla, zina kazi moja: kumtoa mzee kitandani.

Nyonga ni kitu gani?

Fupa la paja ndilo fupa refu kuliko yote mwilini. Kule juu kabisa lina kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, na kichwa hicho kinaingia ndani ya kikombe kilichoko kwenye fupanyonga. Hapo ndipo mguu unapozungukia ukitembea, ukikaa, ukipiga magoti. Kati ya kichwa na mwili wa mfupa kuna shingo nyembamba. Chini ya shingo kuna nundu mbili ambazo misuli mikubwa hujishikiza. Tunaposema mzee amevunjika nyonga, kwa kawaida kikombe hakijavunjika. Kilichovunjika ni sehemu ya juu ya fupa la paja, ama shingoni, ama pale penye nundu.

Kijana huvunjika hapo akigongwa na gari au akianguka kutoka juu ya mti. Mzee huvunjika kwa kuteleza tu akiwa amesimama. Sababu ni kwamba mfupa wa uzeeni hupungua uzito, ukawa kama mti ulioliwa na mchwa: kwa nje unauona mzima, lakini ndani una vitundu. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa mfupa wao hupoteza nguvu kwa kasi baada ya hedhi kukoma.

Kwa muda mrefu watu walidhani huu ni ugonjwa wa wazungu. Na kweli mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha uchunguzi wake wa Afrika Kusini ulioonyesha kwamba Waafrika wa huko walivunjika nyonga kwa nadra sana. Lakini mambo yanabadilika. Watu wanaishi miaka mingi zaidi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Wazee wakiongezeka, na nyonga zinazovunjika nazo zitaongezeka. Ni heri tujue la kufanya mapema.

Utaitambuaje, na ufanye nini kwanza?

Dalili ni hizi. Mzee ameanguka na hawezi kusimama wala kuinua mguu. Maumivu yako kwenye kinena au kando ya paja. Ukimlaza chali, mguu ulioumia unaonekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje. Lakini kuwa mwangalifu: kuna mfupa unaopasuka bila kuachana, na mzee akaweza kuchechemea siku mbili tatu. Kwa hivyo, mzee yeyote aliyeanguka na sasa anaumwa kinena akikanyaga, apigwe picha ya eksirei hata kama anatembea.

Kabla ya kufika hospitali, fanya haya. Usimkande. Usiuvute mguu wala kuunyoosha kwa nguvu. Weka mto au blanketi lililokunjwa katikati ya miguu yake, kisha ifunge miguu yote miwili pamoja kwa kitambaa au leso, bila kukaza mno. Mbebe akiwa amelala juu ya ubao, mlango au godoro gumu. Usimpakie kwenye bodaboda akiwa amebanwa kati ya watu wawili. Tafuta ambulensi au gari analoweza kulala ndani yake. Beba dawa zote anazotumia, za presha, za sukari, na hasa za kuzuia damu kuganda, na ukumbuke saa aliyokula mara ya mwisho, kwa maana daktari atakuuliza.

Majengo ya Embu na Majengo ya Meru zote ziko mjini, na miji yote miwili ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Kule Chogoria na Nkubu kuna hospitali za misheni. Ukifika, uliza mapema: daktari wa mifupa yupo? Kama hayupo, uliza mgonjwa atapelekwa wapi, na lini. Usikubali jibu la "tutaona" likupotezee wiki nzima.

Kwa nini asilazwe tu mpaka mfupa uunge?

Hili ni swali zuri, na zamani ndivyo ilivyofanyika. Mgonjwa alifungwa uzito mguuni, jiwe au mfuko wa mchanga, akalala chali wiki nane, kumi, hata kumi na mbili. Kijana anaweza kuvumilia hayo. Mzee hawezi.

Angalia yanayompata. Siku chache tu akiwa chali, ngozi ya matakoni na visiginoni huanza kuoza, vikawa vidonda vya kulala. Mapafu hayapanuki sawasawa, makohozi yanakaa chini, nimonia inaingia. Damu inatuama miguuni, inaganda, na bonge likitoka hapo likapanda mapafuni linaweza kumuua ghafla. Mkojo unapata maambukizi. Misuli inanyauka. Akili inachanganyikiwa, anaanza kuita watu waliokufa zamani. Na baada ya mateso hayo yote, mfupa wenyewe huenda usiunge kabisa, au uunge umepinda na mguu umekuwa mfupi.

Nisikufiche, hata opereshini ina hatari zake. Hata katika nchi tajiri zenye hospitali za kila namna, kati ya mgonjwa mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hufariki kabla ya mwaka kuisha baada ya kuvunjika nyonga, kwa sababu wengi wao tayari wana moyo dhaifu, mapafu mabovu au maradhi mengine. Lakini anayeachwa kitandani yuko katika hatari kubwa zaidi, na maumivu yake hayapoi. Kila akigeuzwa, kila akibadilishwa nguo, analia.

Mahali palipovunjika ndipo panapoamua

Sasa tufike kwenye opereshini zenyewe. Watu wengi huuliza, "Mbona jirani aliwekewa vyuma na mama yangu anaambiwa awekewe nyonga bandia?" Jibu liko katika picha ya eksirei. Daktari anatazama mambo mawili: mfupa umevunjikia wapi, na vipande vimeachana au la.

Kichwa cha fupa la paja hupata damu yake kupitia mishipa midogo inayopanda kandokando ya shingo, ndani ya kifuko cha kiungo. Wewe unayelima kwa mfereji utanielewa haraka. Mfereji ukikatika katikati ya shamba, mimea iliyo mbele ya hapo hukauka, hata kama udongo wake ni mzuri. Vivyo hivyo, shingo ikivunjika ndani ya kifuko na vipande vikaachana, mishipa hukatika, na kile kichwa cha mfupa kinaweza kufa. Ukikiunganisha kwa skrubu ni kama kuipigia uzio miche iliyokosa maji.

Lakini kama mfupa umevunjika chini ya shingo, pale penye nundu, nje ya kifuko, damu ya kutosha bado inafika. Hapo mfupa unaweza kuunga, mradi ushikiliwe vizuri. Daktari Astley Cooper wa London alikwisha kuitofautisha mivunjiko hii miwili katika kitabu chake cha mwaka 1822, kabla hata eksirei haijavumbuliwa, na mpaka leo madaktari wanaanzia hapo.

Opereshini zenyewe

Ya kwanza ni skrubu. Hii ni kwa shingo iliyopasuka bila vipande kuachana. Daktari anapitisha skrubu mbili au tatu kupitia kidonda kidogo kando ya paja, zikashika kichwa na mwili wa mfupa pamoja. Ni opereshini fupi, damu inayopotea ni kidogo. Ubaya wake ni kwamba wakati mwingine mfupa hukataa kuunga, au kichwa hufa baadaye, na mgonjwa akalazimika kurudi kupasuliwa mara ya pili.

Ya pili ni nusu ya nyonga bandia. Hii ni kwa mzee ambaye shingo imevunjika na vipande vimeachana. Daktari anakitoa kile kichwa kisichopata damu, na mahali pake anaweka kichwa cha chuma chenye mguu unaoingia ndani ya fupa la paja. Kikombe cha mgonjwa mwenyewe kinabaki. Faida kubwa ni kwamba hakuna kungoja mfupa uunge. Mzee anaweza kukanyaga siku ya pili. Vyuma vya aina hii vimetumika kwa miaka mingi, na jina la Austin Moore, daktari wa Marekani, bado hutajwa katika hospitali zetu. Chuma hicho kinaweza kukazwa kwa saruji maalumu ya mifupa, au kikaingizwa kwa kubanwa tu bila saruji. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliowekewa chenye saruji waliishi kwa nafuu zaidi, na ni wachache zaidi waliovunjika mfupa kando ya chuma. Saruji nayo inaweza kushusha presha ghafla wakati inapowekwa, kwa hivyo daktari wa dawa ya usingizi huwa macho sana dakika hizo.

Ya tatu ni nyonga bandia nzima. Hapa kichwa kinabadilishwa na kikombe pia kinabadilishwa. Humfaa mzee ambaye kabla ya kuanguka alikuwa akitembea mwenyewe, akienda shambani au sokoni, na akili yake iko timamu. Pia humfaa ambaye kiungo chake kilikuwa kimeshalika kwa ugonjwa wa viungo. Ni opereshini ndefu zaidi na ya gharama zaidi, na nyonga inaweza kuchomoka kama hatafuata masharti. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliowalinganisha wagonjwa karibu 1,500 katika nchi kumi, ulikuta kwamba baada ya miaka miwili waliohitaji kupasuliwa tena walikuwa karibu sawa kwa nyonga nzima na kwa nusu, na tofauti ya kutembea ilikuwa ndogo. Kwa hivyo kama mzee wako amewekewa nusu, usidhani amepunjwa.

Ya nne ni bamba lenye skrubu inayoteleza. Hii ni kwa mfupa uliovunjika penye nundu, nje ya kifuko. Skrubu moja nene inaingia mpaka kichwani, na bamba linafungwa kando ya fupa la paja. Mgonjwa akikanyaga, skrubu inateleza kidogo ndani ya bamba na vipande vinabanana, mfupa ukaunga. Ni njia ya miaka mingi na kwa mivunjiko iliyotulia inafanya kazi vizuri sana.

Ya tano ni msumari wa ndani ya mfupa. Badala ya bamba la kando, chuma kirefu kinaingizwa katikati ya fupa lenyewe, na skrubu inapita ndani yake hadi kichwani. Huu hutumika hasa pale mfupa umevunjika vipande vingi au ufa umeshuka chini ya nundu, mahali ambapo bamba lingeweza kung'oka. Liko shirika la Marekani liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999, ambalo huzipa hospitali za nchi zinazoendelea vyuma vya mifupa bila malipo, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo. Si vibaya kuuliza kama hospitali uliyofika inavyo.

Na ipo njia ya sita, ya kutopasua. Huyu ni mzee ambaye tayari yu karibu na safari ya mwisho kwa ugonjwa mwingine, na opereshini itamwongezea taabu tu. Yeye atapewa dawa za kutuliza maumivu sawasawa, atageuzwa kila mara, atasafishwa, na jamaa watakaa naye. Uamuzi huo si kumtupa. Lakini ufanywe na daktari, familia na mgonjwa mwenyewe kwa pamoja, baada ya kupimwa. Usifanywe na jamaa peke yao nyumbani, kwa sababu ya kuogopa tu.

Je, mzee wa miaka mingi atahimili?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Nitakupa mifano miwili ambayo dunia nzima iliishuhudia.

Mwisho wa Aprili 1994, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliteleza bafuni na kuvunjika fupa la paja. Alikuwa na miaka 73. Kesho yake alipasuliwa katika hospitali ya Gemelli mjini Roma na kuwekewa nyonga bandia. Septemba 1995 alikuja Nairobi, na waumini waliojaa Uhuru Park walimwona kwa macho yao. Alikuwa akitembea na mkongojo, na hakurudi kuwa yule mpanda milima wa zamani. Lakini alisafiri, akafanya kazi, akaishi hadi mwaka 2005.

Mfano wa pili ni Malkia Mama wa Uingereza, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili. Januari 1998 alianguka na kuvunjika nyonga akiwa na miaka 97. Alipasuliwa, akapona, na akaishi hadi Machi 2002 akiwa na miaka 101.

Najua utasema hao walikuwa na madaktari bora duniani. Ni kweli. Lakini nataka uone jambo moja: madaktari bora duniani walipomwona mtu wa miaka 97 amevunjika nyonga, hawakusema amezeeka mno. Walimpeleka chumba cha upasuaji.

Kuhusu dawa ya usingizi, wengi huogopa kwamba mzee atalala asiamke. Ziko njia mbili. Anaweza kulazwa usingizi kabisa, au kuchomwa sindano ya mgongo inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, akawa macho anasikia watu wakizungumza. Utafiti wa hospitali za Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2021 haukuona tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili, si kwa vifo wala kwa kutembea tena. Mwachie daktari achague kulingana na moyo na mapafu ya mgonjwa. Na kabla ya opereshini, omba maumivu yatulizwe. Iko sindano ya ganzi inayochomwa kinenani ambayo humpa mzee nafuu kubwa akingoja.

Saa ngapi ni kuchelewa?

Mwongozo wa nchi nyingi unasema mzee apasuliwe siku anayofika au kesho yake, au ndani ya saa 48. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17, ambao ulijaribu kuharakisha zaidi, karibu saa sita tu. Vifo havikupungua, lakini waliowahi walichanganyikiwa kwa uchache zaidi na waliinuka mapema. Maana yake kwetu ni hii: usipoteze roho kwa sababu ya saa chache za kupima damu, kushusha presha au kuweka sukari sawa. Lakini tusihesabu kwa wiki. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Na mara nyingi kinachochelewesha ni sisi jamaa. Tunamngoja kaka mkubwa aweke sahihi. Mpigie simu usiku huohuo. Azungumze na daktari kwa simu, amalize. Na kabla ya kumuuliza kaka, muulize mzee mwenyewe. Kama akili yake iko sawa, mwili ni wake na sahihi ni yake. Utashangaa ni mara ngapi watoto wanabishana nje ya wodi kuhusu mama, na hakuna aliyeingia ndani kumuuliza mama anataka nini. Mweleze kwa lugha anayoielewa, Kiembu, Kimeru au Kiswahili, na umwache ajibu.

La pili linalochelewesha ni pesa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya SHA imechukua mahali pa NHIF. Wasio na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yao, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Unaweza kusajiliwa kwa simu kupitia *147#. Ukimsajili mzee wako leo akiwa mzima, utakuwa umeziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Katika hospitali nyingi familia hutakiwa kuchangia au kununua chuma chenyewe, kwa hivyo siku ya kwanza muulize daktari maswali matatu: Ni opereshini gani? Inahitaji chuma gani? Bima italipa nini, na sisi tutalipa nini? Ukijua hivyo, harambee itaanza siku hiyo hiyo, na ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini itakusikiliza.

Akishatoka chumba cha upasuaji

Msikilizaji, opereshini ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko mikononi mwako.

Kesho yake mzee anapaswa kuketishwa, na ikiwezekana kusimamishwa, akishika fremu ya kutembelea na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiwa kando. Ataumia kidogo. Usimwambie muuguzi, "Mwacheni, anaumwa." Mwombe ampe dawa ya maumivu kwanza, kisha asimame. Akirudi kulala chali siku nzima, mtakuwa mmelipia chuma bure. Dawa ya kuzuia damu kuganda aimalize kama alivyoandikiwa. Ampe muuguzi habari akiona homa, usaha kwenye kidonda, mguu kuvimba au pumzi kumkata.

Ale vizuri: mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, samaki, sukuma wiki. Mzee anayekunywa chai na mkate tu hatapona upesi.

Kama amewekewa nyonga bandia, nusu au nzima, mwulize daktari masharti ya miezi mitatu ya mwanzo. Mara nyingi ni haya: asikae chini mno magoti yakapita kiuno, asipishanishe miguu, asijipinde ghafla kugeukia upande wa nyonga. Hapa kwetu maana yake ni mambo mawili hasa. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai. Mtafutie fundi akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu katikati, ukiweke juu ya shimo. Na mzee Mwislamu aswali akiwa ameketi kwenye kiti, asisujudu sakafuni mpaka daktari amruhusu. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa hiyo.

Mwisho, mzee aliyevunjika nyonga moja anaweza kuvunjika ya pili. Mwulize daktari kuhusu dawa za kuimarisha mifupa. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba dripu ya zoledronic acid, inayotolewa mara moja kwa mwaka baada ya opereshini ya nyonga, ilipunguza mivunjiko mipya na hata vifo. Aote jua. Apimwe macho. Dawa zinazomletea kizunguzungu zichunguzwe. Kisha tembea nyumbani kwako jioni hii ukiwa na jicho la mzee: njia ya kwenda chooni ina mwanga? Ndoo ya usiku iko karibu na kitanda? Kandambili zake zimelika? Mkeka umejikunja mlangoni? Tochi ya shilingi mia mbili na kokoto chache juu ya lile tope zinaweza kukuepusha na opereshini zote nilizozitaja leo.

Na kama ameshaanguka, kumbuka: usimkande, usimngoje mtu, usimwache kitandani. Mpeleke.

Mwambie na jirani yako, hasa yule anayeishi na mama au baba mzee. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema wewe na wazee wako.